Yai la Kuachia Kiotani

Mwanangu wa pili ana tabia ya kutazama muvi kwenye simu akiwa amelala chali kwenye kochi, miguu ameinyoosha ukutani, na nimeshachoka kumgombeza. Jumapili moja nilikuwa namenya viazi, nikamsikia anacheka peke yake mpaka anakohoa. Nilipomsogelea nikaona kwenye kioo cha simu mwanamume mwembamba mwenye masharubu, amembeba mtoto mchanga ndani ya ndoo ya aiskrimu, anakimbia, na nyuma yake mke wake anakimbia na kiatu kimoja. Nikakaa palepale kwenye mkono wa kochi. Maji ya viazi yalikuwa yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko, na ile harufu ya viazi vibichi na udongo wa baridi ikanirudisha Makambako bila kuniomba ruhusa.

Ni picha ya vichekesho ya zamani. Mume ni fundi wa kufuli, mke anauza aiskrimu kwenye gari dogo lenye kengele. Hawana mtoto na wanamtaka mtoto kwa udi na uvumba, basi wanakwenda kwenye harusi ya matajiri, watu wakiwa wanakula wanamchukua mtoto mmoja na kuondoka naye. Kuanzia hapo ni kukimbizana na polisi, kusahau mtoto juu ya gari, kumbadilisha nepi kwa bendera ya mahakama. Nilimwambia mwanangu kwamba nimeshaiona kupita kiasi, na kwamba mwisho wake wanahamia ziwani na mtoto wao wanakaa kwa amani. Akanitazama kwa huruma, kama vijana wanavyotutazama siku hizi. Akasogeza mbele. Mtafsiri anayeisemea kwa Kiswahili hakuwa yule niliyemzoea, alikuwa kijana wa mjini, mwenye maneno mengi, na kwa sauti yake nikasikia kwamba wanamrudisha mtoto. Wanagonga lango la nyumba kubwa, mke anapiga magoti, anamkabidhi mama mwenye mtoto, basi. Hizo picha macho yangu yalikuwa yamezitazama tangu utotoni, lakini ndiyo kwanza nizielewe. Nikarudi jikoni nikaendelea kumenya viazi, na hasira niliyokuwa nayo sikujua nimwelekeze nani.

Nilizaliwa kijijini, nje kidogo ya Njombe upande wa kwenda Ludewa, kwenye nyumba yenye viazi vingi na watoto wengi, na sikumbuki wakati ambao viwili hivyo havikuwa vinazidi. Mama alikuwa akizaa jinsi wengine wanavyopika. Mdogo wake, Mama Mdogo, aliolewa Makambako na mwanamume mwenye kibanda umiza cha kuonyeshea picha, na kwao ukapita msimu baada ya msimu bila hata ujauzito wa kuharibika. Walizunguka hospitali za misheni, Lugarawa, Tandala, wakaambiwa wasubiri, wakasubiri. Bibi, mama yao, hakuwa mtu wa kusubiri.

Bibi alifuga kuku. Kwetu ukienda kukusanya mayai huyachukui yote, unaacha moja, ili kuku akirudi akute kiota kina kitu na asihamie vichakani. Bibi aliona hakuna sababu binti yake awe tofauti. Alikuja nyumbani asubuhi moja ya ukungu, akatuita sisi watoto uani, akatupitia kwa macho kama anayechagua mbegu, akanichukua mimi kwa sababu wakubwa walikuwa na kazi na wadogo walikuwa bado wananyonya au kulialia. Alimwambia mama mbele yangu, "Huyu nampeleka akawe yai la kuachia kiotani. Mdogo wako akipata wake, nitakuja kumchukua." Mama akasema sawa. Alikuwa anapepeta mahindi na hakuweka ungo chini.

Mimi nilielewa kwamba nimepewa kazi. Nilijua mayai, nilijua kuku, na nilijua kwamba kiota lazima kiwe na joto. Basi siku za mwanzo kule Makambako, mchana, nilikuwa napanda kitandani kwao, najikunja magoti mpaka kidevuni, najifunika blanketi gubigubi na kutulia. Mama Mdogo alinikuta hivyo akadhani naumwa. Nikamwambia siumwi, niko kazini, Bibi amenituma nipashe kiota moto ili yeye atage. Alitoka nje akasimama uani kwenye upepo, ameshika kamba ya kuanikia nguo, kwa muda mrefu. Nami nikafurahi, nikadhani amekwenda kutaga.

Wenzangu wa umri wangu mtakumbuka vibanda umiza vilivyokuwa. Cha Baba Mdogo kilikuwa cha mabanzi ya msonobari na mabati, nyufa zimezibwa kwa magunia, na bado upepo wa Makambako uliingia na kuondoka utakavyo. Benchi zilichana nguo. Nyuma jenereta lilinguruma na kutema moshi wa petroli, na ukichanganya na harufu ya makoti ya madereva wa malori, jasho la wapakiaji wa viazi na pombe ya ulanzi ya watu wa reli, ulikuwa unatoka mle ukinuka kama umeishi safarini. Baba Mdogo alikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti alichokivisha soksi, kwa sababu alisema bila soksi kinatema mate.

Yeye ndiye alikuwa mtafsiri. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, na hilo darasa lenyewe alilipitia akichunga ng'ombe wa mwalimu. Hakuna aliyejali. Steringi wote, mashujaa wa picha, aliwafanya wazaliwa wa Ilembula, maaskari wote watu wa Wanging'ombe, na adui akiwa mkali sana alimpa jina la mteja aliyekataa kulipa kiingilio. Aliongea kwa sauti ya mume, ya mke, ya mbwa, ya helikopta. Wateja walimpenda mpaka wakawa wanaingia kusikiliza picha walizokwisha kuziona, kwa sababu kila mara maneno yalibadilika kidogo.

Mama Mdogo alikaa mlangoni na birika la chai na beseni la viazi vya kuchemsha. Kabla sijafika walimwita kwa jina lake la usichana, Tabia, hata vitoto vya majirani. Nilipofika tu, wakaanza kumwita Mama Oliva. Oliva ndilo jina langu. Mtu akimwita hivyo alikuwa anageuka mwili mzima, si kichwa tu. Alikuwa na sweta nyeupe ya kichanga aliyoifuma tangu mwaka alioolewa, imekaa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati. Siku moja aliitoa, akaifumua mbele yangu uzi wote, akaongeza uzi wa kijani pale mweupe ulipoisha, akanifumia yangu. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, na sitaki kulizungushazungusha hilo.

Picha ya wezi wa mtoto ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Baba Mdogo aliwabatiza Mzee Kufuli na Mama Aiskrimu. Yule mtoto mchanga kwenye picha halii hata mara moja, na Baba Mdogo alimpa sauti nyembamba ya puani: kila polisi wakikaribia, mtoto alisema, "Nanyamaza, nisije nikawakamatisha wazazi wangu." Kibanda kizima kilikuwa kinalipuka kwa kicheko. Na pale kwenye lango la nyumba kubwa, ambapo sasa najua kwamba wanamrudisha, Baba Mdogo alikuwa anasema wamempeleka mtoto kumsalimia bibi yake mara moja, na kwamba kesho yake wote watatu wakapanda gari wakahamia Manda, ziwani, wakawa wanakula samaki kila siku na hakuna aliyewafuata. Alikuwa anasema hivyo huku amegeukia mlangoni. Televisheni ikawa tayari imeandika majina, yeye bado anaeleza nyumba ya Manda ilivyo, madirisha yake, mti wake wa limau.

Nilimwamini yeye, sikuyaamini macho yangu. Na nilijifunza pale kwamba kuna watoto wanaozaliwa, wapo wengi tu, kwetu walijaa. Na kuna watoto wanaoibiwa, na hao ndio wanaotakiwa kweli.

Wateja walikuwa na mdomo. Kila ikionyeshwa ile picha, hakukosekana mmoja wa kupaza sauti akiwa anatoka kwamba Mama Oliva naye akaibe wake basi, huyu wa kuazima atarudishwa. Wanacheka, yeye anacheka, anaendelea kumimina chai. Nilidhani ni kwa sababu anaona inachekesha.

Bibi alirudi wakati meno yangu ya mbele yameng'oka. Alikaa kwenye benchi la wateja, akanywa chai, akala viazi, akasifu chumvi, ndipo akasema alichokuja kusema. Mama amejifungua mtoto wa kiume, anaitwa Baraka, na kunahitajika mtu wa kumbeba. Mama Mdogo akapiga magoti pale kwenye vumbi la maganda ya karanga, mbele ya wapakiaji waliokuwa wanasubiri jenereta liwashwe, akaomba aachiwe mimi hata kwa mwaka mmoja. Baba Mdogo naye akapiga magoti. Bibi aliwatazama kama anayetazama chungu chenye ufa. "Yai limekaa muda wote huu na kuku hajataga," akasema. "Basi ni viza. Na nilikuazima, sikukupa."

Mama Mdogo alilia kwa sauti. Mimi sikulia. Nilivaa sweta yangu, nikamshika Bibi mkono, nikapanda basi, nikakaa dirishani na sikugeuka. Nilikuwa najua picha inavyokwenda. Nilikuwa napelekwa kumsalimia bibi mara moja, kisha watakuja kuniiba, na mtoto wa kuibiwa lazima anyamaze asije akawakamatisha wazazi wake. Niliubana mdomo mpaka Njombe. Nilijisikia hodari sana.

Nyumbani walikuwa wamenisahau kidogo. Mama akitaka kuniita alipitia kwanza majina ya ndugu zangu wote, na mara nyingine akachoka kabla hajafika kwangu akasema tu "wewe". Ndugu zangu waliniita Mmakambako na kunilaza upande wa ukuta wenye unyevu. Nilimbeba Baraka mgongoni toka asubuhi mpaka jioni. Alikuwa mzito, ameloa, na alilia kwa kila kitu, na nilikuwa namwonea huruma kwa sababu mtoto anayelia vile nani angemwiba.

Siku ya ubatizo wake ndiyo niliyokuwa naisubiri. Sikuambiwa na mtu. Nilijua tu kwamba wanakuja watu wakiwa wanakula, na kwetu hakukuwahi kuwa na watu wengi wanaokula kama siku ile. Kulikuwa na ulanzi kwenye madebe, nyama, ugali wa kusonga sufuria imebanwa kwa miguu yote miwili, kwaya iliyogoma kurudi kanisani. Baba Mdogo na Mama Mdogo wakaja kwa pikapu waliyoazima kwa mfanyabiashara wa viazi, nyuma kuna magunia ya lumbesa, yaliyojazwa mpaka kupita mdomo, yamefunikwa turubai. Mama Mdogo alikuwa amekonda. Alinishika kichwa akauliza kama nakula. Nikasema nakula, nikamkonyeza. Hakuelewa.

Sasa, kwetu mtoto akishabatizwa watu wanampokezana. Wanawake wanakaa kwenye mikeka, na mtoto anapita mkono kwa mkono, kila mmoja anamsalimia, "Kamwene," anamwombea maneno mawili, anampa wa pili. Anazunguka hivyo mchana kutwa. Mama mzazi siku hiyo anapumzika, na hakuna anayeuliza mtoto yuko wapi, kwa sababu daima yupo kwa mtu anayefuata. Mama Mdogo alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, karibu na njia ya kwenda barabarani. Wanawake wawili walimruka, wakampitisha mtoto juu ya magoti yake kumpa wa ng'ambo, ndipo Bibi akamchukua Baraka kwa mikono yake mwenyewe akamweka mapajani pa binti yake. "Mshike," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye masufuria. "Labda atakuambukiza uzazi." Mkeka mzima ukacheka. Wengine walicheka kwa aibu, lakini walicheka.

Mimi sikungoja kuona zaidi. Nilitaka kuwarahisishia kazi. Nikazunguka nyuma ya mianzi, nikapanda pikapu, nikaingia chini ya turubai, nikajibana kati ya gunia na ubavu wa gari. Viazi vilikuwa vya baridi na vimelowa udongo. Nilikaa pale nikanyamaza kama nilivyofundishwa.

Kioo cha nyuma cha pikapu ile kilikuwa kimevunjika, wamekiziba kwa kiroba, kwa hiyo nilisikia kila neno. Kwanza mlango mmoja. Halafu hatua za haraka, mlango mwingine, na Baba Mdogo anahema. "Oliva simwoni," akasema. "Nimemtafuta mpaka chooni."

"Washa gari," Mama Mdogo akasema.

"Si tulikubaliana Oliva? Huyo nani umembeba?"

"Washa gari, Baba Oliva."

Akawasha. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena, na nimeolewa, na nimezaa. Walikuwa wamekuja kwa ajili yangu. Walikuwa wamekubaliana. Baraka akaanza kulia kule mbele, nikafikiri wamemchukua kwa bahati mbaya, au kwa kuongezea, na sikumwonea wivu, kwa sababu jina lililotajwa lilikuwa langu. Gari halikuelekea Njombe mjini, lilikata kushoto kwenye njia ya Ludewa, nikajua ni Manda. Nikaanza kufikiria ule mti wa limau.

Tulikwenda sana. Mashamba ya chai yakaisha, ikaja misonobari, ikaja milima, na injini ikaanza kuchemka. Baba Mdogo akasimamisha gari karibu na kibanda cha mama mmoja aliyekuwa anauza viazi kwenye ndoo, akaja nyuma kuchukua dumu la maji, akafunua turubai. Akaniona. "Nipo," nikamwambia. "Sijalia."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu wa gari asianguke, machozi yanamtoka, dumu limemdondoka. Akaita, "Mama Oliva, njoo uone. Tunao wawili."

Mama Mdogo akashuka, Baraka yuko ndani ya kitenge, amenyamaza kwa kunyonya kidole chake. Akanitazama. Nilinyoosha mikono anishushe. Alinitazama muda mrefu kiasi kwamba mikono ilianza kuuma, halafu akasema, "Mwache hapa."

Baba Mdogo alidhani ni utani. Akamwambia ni Oliva huyu, ni huyuhuyu waliyemfuata, hakuna haja ya kumtafuta tena. Mama Mdogo hakupandisha sauti. "Huyu mdogo hajui alikotoka," akasema. "Atafumbua macho atanikuta mimi. Yule anakumbuka kila kitu. Ipo siku atakumbuka kwao."

"Kwao ni kwetu."

"Alipochukuliwa hakutoa hata chozi. Mimi nimelia mbele ya wapakiaji wa viazi, yeye hata kugeuka hakugeuka. Huyo si wangu. Ni yai aliloniazima mama."

Nikasema nilikuwa nanyamaza ili wasikamatwe. Nililisema neno hilo kwa ile sauti ya puani, sauti ya mtoto wa kwenye picha, nikidhani ndivyo atakavyolitambua. Mama Mdogo hakulitambua, au alilitambua akiwa ameshachelewa. Lakini Baba Mdogo alielewa. Uso wake niliuona ukielewa. Yule mtu aliyeweza kumsemea askari na mbwa na bibi harusi, aliyempa mtoto mchanga ulimi, alifungua mdomo ukakaa wazi na hakikutoka kitu. Kisha akanishika makwapani akanishusha, akavua koti lake akanivisha juu ya sweta, akafunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni. Mikono yake ilinuka petroli. Aliweka maji kwenye injini bila kugeuka upande wangu, wakaondoka.

Nisije nikaacha watu wanajiuliza: walikamatwa, na kukamatwa kwao watu wa Makambako walikuchekea miaka. Polisi walikwenda kuuliza kibandani kama kuna mwenye fununu ya walikokimbilia. Hakuna aliyehitaji kufikiri. Wateja wote, kwa pamoja, wakasema Manda. Wakaeleza mpaka nyumba itakavyokuwa, na mti wa kutafuta. Yule bwana alikuwa ametangaza maficho yake kwa kipaza sauti, mbele ya madereva wa mikoa yote, kila wiki, na bado alikwenda hukohuko, kwa sababu ndiyo mahali pekee alipopajua pa watu kama wao. Waliwakuta kwenye chumba cha kupanga karibu na mwalo wa wavuvi, Mama Mdogo anakaanga dagaa, Baraka amenenepa. Bibi ndiye aliyekataa katakata yaishe kifamilia. Baba Mdogo alisema mahakamani kwamba mpango wote ulikuwa wake, akafungwa, akatoka akiwa na kifua kibovu, hakuishi sana. Mama Mdogo yupo Makambako mpaka leo, anauza viazi. Wanamwita Tabia. Nikipita nanunua kwake, tunasalimiana vizuri, na kila mara ananiuliza Baraka hajambo. Kuhusu mimi hajawahi kuuliza.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile mimi nilikuwa nimesimama kando ya barabara na koti linalofika chini. Yule mama wa viazi aliniuliza nimeachwaje, nikamwambia wamesahau, watarudi. Alinipa kiazi cha moto. Hawakurudi, na jua lilipoanza kupinda akasimamisha lori la mbao lililokuwa linapanda Njombe, akamwelezea dereva kijiji nilichomtajia, dereva akanibeba akaniweka mbele. Alikuwa mzee mpole, hakuniuliza mambo mengi. Nilikuwa sijawahi kukaa mbele ya gari. Njia nzima nilikuwa nafikiria nyumbani. Taratibu, kona baada ya kona, nikaanza kuona kwamba huko nako kuna watu, na kwamba kufikia saa hizi watakuwa wamejua sipo. Nikawaona wananitafuta mianzini, wananiita kwa jina langu mara ya kwanza tu bila kupitia ya wengine. Nikajilaumu kwamba nimewatia hofu. Kufika kwenye mashamba ya chai nilikuwa nimeshaamua kwamba nitamkubalia mama anibebe, ingawa nimekuwa mkubwa.

Tulipokaribia nikasikia vilio kabla sijaona watu. Kijiji kizima kilikuwa barabarani. Wanawake wamejifunga vitenge viunoni, kwaya imekaa chini, Bibi ameshika kichwa. Moyo ulinipanda. Sijawahi kuliliwa hivyo. Lori likasimama, na mama akachomoka katikati ya watu akaja mbio, kitenge kinamdondoka, mikono ameitanua, analia na mdomo wazi. Nikafungua mlango nikasimama kwenye ngazi ya lori, nikatanua yangu.

Alinisogeza pembeni kwa kiwiko. Akapanda, akachungulia kwenye kiti, chini ya kiti, nyuma ya kiti, akakung'uta koti la Baba Mdogo mwilini mwangu kama kuna kitu kinaweza kudondoka humo, akaruka chini akazunguka nyuma akatazama juu ya mbao. Halafu akarudi kwa dereva, ananionyesha kwa kidole.

"Ni huyu tu?"

"Ni huyu tu, mama," dereva akasema.